Sweta la Bi Sasahivi

Jina lake la kuzaliwa alilijua karani wa mishahara na alilijua mama yake, na mama yake siku hizi alikuwa anaanza kulipoteza. Shuleni wanafunzi walimwita Bi Sasahivi, na walimu wenzake wakalidaka jina hilo kwa furaha, maana halikuwepo jambo aliloombwa ambalo hakulijibu kwa neno hilo. Umeshasahihisha madaftari? Sasa hivi. Zamu ni yako, mbona mistarini ni vurugu tupu? Sasa hivi. Kaka yake naye, aliyekuwa mbali na aliyemsaidia mama yao kwa kupiga simu na kuuliza maswali, alijibiwa hivyo hivyo. Wala Bi Sasahivi hakuwa mwongo. Kila alipolitamka neno lile aliamini kwa moyo mweupe kwamba akimaliza tu hili moja lililo mkononi, lile jingine atalifikia.

Asubuhi hiyo alimwekea Mama chupa ya chai mezani, mkate ndani ya sahani iliyofunikwa, na redio karibu na mkono wa kulia. Akafunga gesi. Akaangalia tena kama amefunga gesi. Kisha akatoka, akavuta mlango wa chuma, na kufuli likalia.

"Unanifungia?" Mama aliuliza kutoka ndani.

"Nafungia wezi, Mama."

"Wezi waje kuiba nini? Humu nimo mimi tu."

Bi Sasahivi alilivuta kufuli kuhakikisha. Akautia ufunguo kwenye mfuko wa sweta alilovaa, akashika njia.

Usimwone mbaya. Mama yake alikuwa mtu wa kusahau, na macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, weupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Siku moja alitoka peke yake akaokotwa ng'ambo ya soko, kiatu mguu mmoja, akiwauliza wapita njia shule iko wapi. Alisema anakwenda kumtetea mwanawe kwa sababu mwalimu kamfungia nje. Mwanawe mwenyewe alikuwa na mvi kichwani, na wakati huo alikuwa darasani akifundisha. Baada ya hapo fundi wa kuchomelea akaitwa, akaufunga ule mlango wa chuma, akaupiga kofi na kujisifu kwamba hapo hata mwizi mwenye shahada ataomba radhi arudi kwao. Dada wa kazi aliyekuwepo aliondoka mwezi uliofuata bila kuaga. Majirani hawakuambiwa kwamba ameondoka. Wakiuliza, Bi Sasahivi alisema, "Yumo ndani na Mama," huku akitazama pembeni.

Sasa siku hii haikuwa siku ya kawaida. Mchana, kabla ya saa nane, Mama alitakiwa hospitali kufanyiwa operesheni ya jicho la kwanza. Daktari wa macho alikuwa wa kuja na kuondoka, na aliyekosa nafasi yake alirudishwa mkiani mwa foleni, na foleni yenyewe ilikwenda kwa misimu. Daktari huyo alikuwa amemwambia neno moja ambalo Bi Sasahivi alilibeba kama yai. Alisema mtu anayesahau, halafu haoni, anaipoteza dunia mara mbili. Akianza kuona, huenda nyuso nyingine zikarudi. "Siahidi," daktari aliongeza, lakini hilo la mwisho Bi Sasahivi hakulibeba.

Maana Mama alikuwa ameacha kumwita Kitinda. Ndivyo alivyomwita tangu utotoni, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wake. Siku hizi alimwita "wewe bibi", na siku nyingine "mama", kwa adabu ile anayopewa mgeni. Bi Sasahivi alikuwa tayari kuvumilia kila kitu isipokuwa hicho.

Shuleni ilikuwa wiki ya mitihani. Mwalimu mkuu, aliyeitwa Darubini kwa tabia yake ya kupita kwenye korido akichungulia kila dirisha, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba wiki ya mitihani ruhusa ni ya marehemu peke yake, na huyo naye aandike barua. Walimu walicheka kwa sababu ilibidi wacheke. Bi Sasahivi alimfuata ofisini asubuhi ile ile.

"Mwalimu, nilikuwa na safari ya kliniki mchana."

"Unaumwa?"

Hapo angeweza kusema. Angesema, si mimi, ni mama yangu. Lakini neno hilo lingefuatwa na lingine: Sasa hivi yuko na nani?

"Siyo sana," alisema.

"Basi nenda Jumamosi," Darubini alisema, akarudi kwenye karatasi zake. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kuomba ruhusa wiki ya mitihani.

Chumba cha walimu kilikuwa na ufundi wake, na ufundi huo haufundishwi chuoni. Mwalimu akitaka kutoroka, huacha sweta mgongoni mwa kiti, miwani ya zamani juu ya daftari lililofunuliwa, na kikombe cha chai kando. Jirani yake mezani huwa na kazi ya kuongeza chai ya moto kila inapopoa, ili mvuke uonekane kutoka dirishani. Darubini akichungulia huona sweta, huona mvuke, huendelea na safari yake. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyewahi kwenda kuoa na kurudi, chai yake ingali inafuka.

Jirani wa Bi Sasahivi mezani alikuwa mwalimu wa Jiografia, mwanamke mnene mcheshi waliyemwita Ramani kwa sababu alijua kila njia ya kutoka shuleni isiyopita mbele ya ofisi. Bi Sasahivi alipovuta sweta lake la kijani kutoka kwenye kabati, lile la siku zote la kuachwa kitini, Ramani alimshika mkono.

"Hilo usithubutu, shoga. Hilo Darubini anaweza kukuchorea hata matundu yake. Juzi kaniuliza mbona sweta la mwenzako linahudhuria kuliko yeye."

"Niache nini sasa?"

"Vua hilo ulilovaa. Hilo bado lina joto lako."

Akalivua. Alilivua haraka, akalitandika mgongoni mwa kiti, akalivuta bega moja lishuke kidogo kama la mtu aliyenyanyuka mara moja tu. Ramani akamimina chai. Kipindi cha mwisho cha asubuhi Ramani angewasimamia watoto wa darasa la mwenzake, nao walikuwa na zoezi la kuwatosha. Bi Sasahivi akakumbatia bunda la karatasi kifuani, akamwambia mlinzi wa getini anakwenda kutoa nakala za mtihani.

"Unarudi saa ngapi, Mwalimu?"

"Sasa hivi," alisema, na mlinzi akacheka.

Alipofika kona ya kwanza alitia karatasi kwenye mkoba, akaanza kukimbia. Mwalimu wa watu akikimbia barabarani mchana kweupe hujulikana tu ana lake. Alipita fundi viatu, akapita duka la vifaa vya shule, akasalimiwa na mzazi mmoja aliyetaka waongee kidogo kuhusu mwanawe, akamjibu unajua nini. Njiani alipiga hesabu yake mara ya mia: kumvisha Mama, kutafuta gari la kukodi, kufika kabla ya saa nane. Nafasi ilikuwepo. Ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwepo, na kwa dakika chache alikimbia akiwa na furaha.

Alipofika mlangoni alipeleka mkono kiunoni, mahali ulipokuwa mfuko, na mkono ukashika gauni.

Alisimama. Akafungua mkoba, akaumwaga wote kizingitini: chaki, kalamu nyekundu, zile karatasi, kitana. Alikuwa anajua kwamba ufunguo haumo. Alitafuta tu kwa sababu mikono ilikataa kutulia.

"Nani?" Mama aliita kutoka ndani.

"Mimi, Mama. Nakuja."

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa anaanika nguo. Akachungulia. "Mwalimu, leo mapema! Kwani vipi, huingii? Si umwite dada akufungulie?"

"Amelala," Bi Sasahivi alisema.

"Mchana huu! Huyo dada wako ana bahati. Mgongee dirisha."

Ikabidi agonge dirisha. Aligonga mara mbili, taratibu, akimwita mtu ambaye hayupo kwa miezi sasa, na jirani akatikisa kichwa kuhusu wasichana wa siku hizi. Aibu ilimpanda Bi Sasahivi kutoka miguuni. Jirani alipoingia ndani kwake, Bi Sasahivi alikwenda upande wa pili wa nyumba, akampigia simu Ramani.

"Nenda kwenye sweta," alisema. "Mfuko wa kulia. Kuna ufunguo. Mpe mtu yeyote mwenye pikipiki aulete nyumbani kwangu, nakuomba."

Ramani alijibu kwa kunong'ona.

"Shoga, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Darubini yupo. Kakaa kwenye kiti chako. Nimemwambia umetoka sasa hivi, akasema basi namsubiri. Kaliegemea hilo sweta. Hata chai yako kaanza kunywa."

Bi Sasahivi aliketi chini, mgongo ukutani. Kuna watu hufungiwa ndani na kuna watu hufungiwa nje, na yeye alikuwa amejifanyia yote mawili kwa ufunguo mmoja. Angeweza kumwita yule fundi wa kuchomelea aje akate kufuli, lakini alikuwa anaisikia mashine yake ikilia mtaa wa tatu, na alijua itakapolia hapa mtaa mzima utatoka kutazama nani yumo ndani na nani hayumo. Angeweza kurudi shuleni mbio, apite getini, asimame mbele ya Darubini akitoa visingizio, kisha arudi tena. Saa nane ingekuwa imepita zamani. Alijipitisha mlango mmoja baada ya mwingine akilini, na kila mmoja ulikuwa na mtu amesimama.

"Mpe simu," alisema.

"Nani? Darubini? Umechanganyikiwa?"

"Mpe simu, Ramani."

Alisikia vyombo vikigongana, kiti kikisogea, kisha sauti nzito.

"Mwalimu. Sweta lipo, chai ipo. Wewe uko wapi?"

"Shikamoo, Mwalimu. Nipo nyumbani, nje ya mlango wangu. Mama yangu yumo ndani. Haoni vizuri na anapotea akitoka, kwa hiyo nimemfungia. Namfungia kila siku ninapokwenda kazini. Leo saa nane anafanyiwa operesheni ya macho, na ufunguo uko kwenye mfuko wa hilo sweta uliloliegemea."

Alishangaa jinsi maneno yalivyokuwa machache. Alikuwa ameyaogopa kwa miezi mingi, akidhani ni marefu. Upande wa pili alisikia chumba kizima cha walimu kikiwa kimeacha kutafuna.

"Mfuko upi?" Darubini aliuliza.

"Wa kulia."

"Nimeupata. Nielekeze."

Akamwelekeza. Kisha hapakuwa na la kufanya isipokuwa kusubiri, na kusubiri ni kazi ambayo Bi Sasahivi hakuwahi kujifunza. Alikwenda dirishani, akashika nondo.

"Nani hapo?" Mama aliuliza.

"Mimi."

"Mimi ni wengi."

"Kitinda wako, Mama."

Alilisema bila kutarajia kitu. Lakini Mama alinyanyuka, akaja akipapasa ukuta, akatoa vidole kati ya nondo hadi vikamgusa shavu.

"Unalia," Mama alisema. "Wamekufungia nje tena."

Bi Sasahivi alivishika vile vidole.

"Nilikwambia acha hizo ndoo za maji, utachelewa. Wewe ukasema, namaliza ya mwisho tu, Mama, nakwenda sasa hivi. Sasa ona. Usilie. Naja kuongea na huyo mwalimu wako." Akageuka, akaenda mlangoni, akausukuma mlango wa chuma. Akausukuma tena. "Mbona haufunguki? Kitinda! Mbona mlango haufunguki?"

"Umekwama, Mama. Fundi anakuja."

Kwa muda ambao hakutaka kuupima, alimsikiliza mama yake akiutikisa mlango kwa ndani ili aje kumtetea. Hakuna adhabu aliyowahi kumpa mtoto darasani iliyofanana na hiyo.

Gari la Darubini liliposimama, mwalimu mkuu alishuka na sweta mkononi, amelishika kama mtu aliyepewa kubeba mtoto mchanga. Hakumtazama Bi Sasahivi usoni. Mama alisikia viatu.

"Huyo ndiye mwalimu?"

"Ndiye, Mama."

Mama akajinyoosha nyuma ya nondo za mlango, akaweka nguo yake vizuri mabegani. "Mwalimu, hujambo? Mimi ndiye mzazi. Nakuomba usimfungie nje mtoto huyu. Si mvivu. Akichelewa, anachelewa kwa ajili yangu. Nichape mimi."

Darubini, mtu wa kukaripia korido nzima kwa kikohozi kimoja, alisimama na ufunguo wake hewani.

"Tumemsamehe, mama," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo Bi Sasahivi hakuwa ameijua. Akafungua kufuli yeye mwenyewe. Jirani alikuwa amerudi kwenye kamba yake ya nguo, na kwa jinsi alivyokishikilia kibanio kimoja bila kukibana popote, ilikuwa wazi kwamba hakuna tena haja ya kumuuliza dada wa kazi yuko wapi.

Walimpakia Mama kiti cha mbele, kwa kuwa alikataa kuuachia mkono wa mwalimu. Darubini aliendesha kwa haraka kuliko vile cheo chake kilivyoruhusu. Njia nzima hakulaumu. Jambo moja tu alilisema, walipokuwa wamekwama nyuma ya lori.

"Nilikuwa nakusubiri pale nikuombe uwasimamie darasa la saba kesho asubuhi. Mwenzako anaumwa."

Bi Sasahivi alifungua mdomo. Neno lake lilikuwa tayari limekaa kwenye ncha ya ulimi, na ilimchukua nguvu kulimeza.

"Kesho asubuhi ndipo wanamfungua bandeji," alisema.

"Ah," Darubini alisema. Lori liliposogea akaongeza, "Sina mwingine, Mwalimu." Hakulisema kwa ukali. Ingekuwa nafuu kama angelisema kwa ukali.

Walifika muuguzi akiwa ameshika mlango ili aufunge. Aliwatazama wote watatu, akatazama saa, akavuta pumzi ya mtu ambaye naye ana mambo yake nyumbani, akasema waingie, lakini wao ndio wa mwisho. Mama akaketishwa kwenye benchi, akatiwa matone machoni, akaambiwa ayafumbe asubiri. Bi Sasahivi alikaa upande mmoja na Darubini upande wa pili. Kulikuwa na baridi ya korido za hospitali, akavaa sweta lake, na alipotia mkono mfukoni akaukuta ufunguo umerudishwa mahali pake. Wamewahi. Alijirudia hilo moyoni, tumewahi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yakashuka.

Mama, macho yamefumbwa, akamwinamia Darubini.

"Mwalimu, wewe ni mtu mzima, nikuambie siri. Mwanangu yule mzuri, hana shida. Lakini kuna mwanamke pale nyumbani. Sijui katoka wapi. Kila asubuhi ananifungia."

Darubini alitazama sakafu.

"Ananiwekea chai, mkate, redio, kisha ananifungia. Namwita, anakwenda zake. Mwambie aache. Wewe atakusikia."

"Nitamwambia, mama."

"Ataacha lini?"

Darubini aliinua macho juu ya kichwa cha yule mama, akamtazama mwalimu wake kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini, na Bi Sasahivi akaona kwamba swali limeachwa kwake.

"Sasa hivi, Mama," alisema.

Mama akageuza uso upande ilikotoka sauti. Kitu kikapita katika paji la uso wake, kama mtu anayesikia hatua anazozijua lakini hakumbuki za nani.

"Ndiye huyo," alimnong'oneza Darubini, akamshika mkono kwa nguvu zaidi.

Muuguzi akaja, akamwinua, akampeleka ndani kwa hatua ndogo ndogo, na mlango ukafungwa nyuma yao. Bi Sasahivi alibaki kwenye benchi na ufunguo kiganjani. Kesho asubuhi bandeji itatolewa, na Mama atatazama, na mbele yake atakuwa amesimama mtu mmoja tu, Kitinda na yule mwanamke wa ufunguo kwa pamoja. Miezi yote alikuwa ameomba iwe hivyo. Sasa, kwa mara ya kwanza, akaogopa yale macho kupona.